Maswali ya Wasomaji: Haibiskasi Kwenye Kibakuli

Toleo lililopita niliandika aya mbili tu, tena kwa haraka, kwamba haibiskasi ile ya kawaida inayopandwa kwenye uzio inaweza kuwa bonsai ya maana, yaani mti mdogo unaokuzwa kwenye kibakuli, na kwamba unaweza kuibebesha ua la rangi unayotaka, yaani kuunganisha kijiti cha aina nyingine kwenye shina lake. Kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja mengi kuliko nafasi niliyonayo, kwa hiyo yanayofanana nimeyaunganisha na mengine nimeyafupisha. Na wale mlioniuliza kuhusu rosela, ile ni ndugu yake lakini ni mmea wa msimu mmoja, ukishazaa unakauka, bonsai hautoi. Hapa tunaongelea ile ya mti, Hibiscus rosa-sinensis, jina ulilopewa na Linnaeus, mtaalam wa mimea wa Sweden, mwaka 1753 na maana yake ni waridi la China. Haya twende.

Shikamoo fundi. Nilikata kijiti cha haibiskasi nyekundu kikashika mizizi, nikakipanda moja kwa moja kwenye kibakuli cha bonsai, vile vya kina kifupi. Sasa kina mwaka na miezi miwili, kina afya, ila shina bado ni kama penseli. Juu nakikatakata kisirefuke. Kitakuwa mti lini? (Mwanafunzi wa bonsai)

Marahaba. Jibu la kweli litakuuma kidogo: kwa hapo kilipo, hakitakuwa. Kitabaki kijiti chenye afya.

Hili ndo kosa ambalo karibu kila mtu analifanya na mi nililifanya pia kwa miaka miwili mizima. Kile kibakuli ni nyumba ya mti ambao umeshamaliza kunenepa, sio shule ya chekechea. Shina linanenepa kwa kazi ya majani, yaani majani yanatengeneza chakula, chakula kinashuka kupitia ganda, na kila kinapopita mti unajiongezea tabaka jipya la mbao. Sasa wewe mizizi umeibana kwenye udongo wa vidole vitatu, halafu juu kila kikitoka kichipukizi unakata. Umezima jiko halafu unauliza chakula kitaiva saa ngapi.

Kitoe. Kama huko uliko baridi haigandishi, kipande ardhini, kama hakuna nafasi tafuta ndoo ya lita 20 uitoboe matundu chini. Kabla hujapanda weka kigae au kipande cha mbao bapa chini ya mizizi ili isishuke kama karoti, isambae pembeni, maana mizizi iliyosambaa juu ya udongo ndio inafanya mti uonekane mzee. Halafu, na hapa ndo pagumu kwa watu, usikiguse. Kiache kirefuke mita moja na nusu, mita mbili, kiwe kibaya kabisa cha kuchekesha. Shina likifika unene unaoutaka, subiri msimu wa joto unaanza na mti unasukuma majani mapya, kisha ukate lote kwenye sentimita 10 au 12 toka kwenye udongo. Ndio, lote. Haibiskasi yenye nguvu inachipua vizuri kwenye mbao ya zamani, utaona macho yanatoka kila upande. Chagua chipukizi moja liwe shina la juu, mengine ya mbele yatoe, la juu nalo liache linenepe hadi likaribie theluthi mbili ya unene wa chini, ndo unalikata tena. Hivyo hivyo kwa ngazi, ndo unapata shina nene chini linaloenda likipungua. Hesabu miaka 3 mpaka 5.

Kama huna miaka mitano kuna njia ya mkato, nayo ni kuotesha mizizi tawi likiwa juu ya mti. Tafuta haibiskasi ya zamani yenye tawi nene lenye umbo zuri, menya ganda kwa kuzunguka upana wa kama sentimita 3, kwangua ute wote wa kijani ubaki mbao nyeupe, zungushia kuvumwani mbichi au kokopiti (makapi ya makumbi ya nazi) iliyolowa, funga na plastiki juu na chini isikauke. Baada ya wiki 6 mpaka 8 za joto utaona mizizi imejaa ndani ya plastiki, kata chini yake na una shina nene siku hiyo hiyo. Nusu ya miti yangu imetoka huko, siwezi kudanganya.

Mti wangu una sentimita 30, umependeza, lakini ukichanua ua ni kubwa kama sahani na mti wote unainama. Nimesikia mti ukikaa sana kwenye bonsai maua yanapungua ukubwa. Nivumilie miaka mingapi?

Usivumilie, hayapungui. Majani ndo yanapungua, ukibana mizizi, ukiupa mti jua la kutosha na ukipogoa mara kwa mara utaona jani jipya linatoka nusu ya lile la zamani. Ua halisikii hayo yote, linatoka saizi yake ile ile hata mti ungekuwa na kimo cha kikombe. Ndio maana kwa bonsai unachagua aina ya ua dogo toka mwanzo. Kuna ile inaitwa 'Cooperi', majani yake membamba yana mabaka meupe na ya pinki, na ua lake ni jekundu dogo, hiyo inakaa vizuri sana kwenye kibakuli hata isipochanua. Kuna na Hibiscus schizopetalus, asili yake Afrika Mashariki, ua linaning'inia kama taa na petali zimechanikachanika, matawi yake yanapenda kushuka kwa hiyo ukitaka mti wa kumwagika ukingoni mwa chungu hiyo inakusaidia kazi.

Au unabaki na shina lako na kubebesha ua dogo juu yake, ndo swali linalofuata.

Habari za kazi fundi. Nina shina nene la haibiskasi nyekundu ya kawaida, nguvu tele. Rafiki yangu anayo ile ya rangi ya chungwa yenye jicho la zambarau katikati, kila nikipanda vijiti vyake vinaoza au vinashika halafu vinadumaa. Naomba unieleze kubebesha polepole maana sijawahi hata kushika kisu.

Nzuri. Kwanza usijilaumu kwa vile vijiti. Hizo haibiskasi za rangi za ajabu zimezalishwa na watu waliokuwa wanaangalia ua tu, vizazi na vizazi vya kuchanganya, mizizi hakuna aliyeikumbuka. Nyingi zina mizizi dhaifu ndo maana hata wauzaji wa miche wanazibebesha juu ya aina za kawaida zenye nguvu. Na mbegu zake nazo usihangaike, ukipanda inatoka rangi nyingine kabisa. Kwa hiyo shina lako jekundu hilo unalolidharau ni mali, tena kwa bonsai ni mali mara mbili kwa sababu litanenepa haraka kuliko ile ya rafiki yako ingeweza.

Muda: wakati wa joto, shina linatoa majani mapya. Limwagilie vizuri siku moja kabla. Ukibebesha mti uliolala kwa baridi au wenye kiu unapoteza vikonyo, yaani vile vijiti vya kubebesha, vya watu bure.

Kikonyo: usichukue ile ncha laini ya kijani, inaoza, wala tawi gumu la kahawia la zamani, linachelewa. Chukua pale katikati rangi inapoanza kugeuka toka kijani kwenda kahawia, unene wa penseli, urefu wa sentimita 8 hadi 10, lenye macho matatu au manne. Kata majani yote lakini acha kipande cha kijiti cha jani kama sentimita moja, nitakwambia kwa nini. Toa vichipukizi vyote vya maua. Funga kwenye kitambaa kibichi na ubebeshe siku hiyo hiyo. Na angalia mti unaochukulia, ukiona majani yana viduara vya njano au mabaka kama ramani, achana nao, kuna kirusi cha haibiskasi kinachosafiri kwa kisu na kwa kubebesha, ukishakiingiza kwenye shina lako hakitoki. Wembe uwe mpya, pangusa kwa spiriti, na ukihama toka mti mmoja kwenda mwingine uloweke kwanza kwenye jiki, sehemu moja ya jiki na tisa za maji.

Sasa mkato. Wengi wanafundishwa kukata shina juu, kupasua katikati na kuchomeka kikonyo. Kwa mche mwembamba sawa. Kwa shina nene la bonsai sipendi, mbao ya haibiskasi ni laini, ule mpasuko mkubwa unaingiza maji na kuoza, na hata ukipona unaacha kovu la kutisha. Mi nabebesha ubavuni. Unashika wembe kwa pembe kali unakata kushuka ubavuni mwa shina urefu wa sentimita 3 hivi, unapita ganda unaingia kidogo kwenye mbao, usifike katikati, unapata kama ulimi. Kikonyo unakichonga kabari chini, upande mmoja mrefu wa sentimita 3 na upande wa pili mfupi, kila upande kwa mkato mmoja au miwili, usichonge chonge kama unatengeneza mwiko. Kuna ute utateleza kama wa bamia, usiuguse kwa vidole, chomeka haraka. Upande mrefu uangalie ndani.

Halafu jambo moja ambalo ukikosea yote ni bure. Chini ya ganda kuna mstari mwembamba wa kijani, wataalam wanaita kambiamu, hapo ndo chembe zinazoungana zilipo, sio kwenye mbao wala kwenye ganda la nje. Ule wa kikonyo lazima ugusane na ule wa shina. Ganda la shina ni nene kuliko la kikonyo, kwa hiyo ukipanga nje kwa nje vikae sawa, ndani vinapishana. Sukuma kikonyo kiegemee upande mmoja na kiingie ndani kidogo kuliko ganda la shina. Upande mmoja ukigusana inatosha, hauhitaji yote miwili.

Funga kwa nailoni laini inayovutika, anzia chini panda juu kama vigae vya paa ili maji yakishuka yasiingie, kaza. Kikonyo chote nacho kifunike, kwa utepe wa kubebeshea wenye nta au kwa kifuko cha plastiki kilichofungwa chini. Kisha weka kivulini penye mwanga. Kivulini nasema! Mara yangu ya kwanza nilibebesha vikonyo sita, kazi safi kabisa, nikaviweka juani nikidhani mmea unahitaji jua, plastiki ikawa tanuri, siku ya nne vyote sita vyeusi kama viberiti vilivyowashwa.

Sasa vile vijiti vya majani ulivyoacha. Baada ya wiki moja mpaka mbili, ukiona kijiti kimegeuka njano na kinadondoka chenyewe, furahi, kikonyo kiko hai ndo maana kinaweza kuachia jani. Kikikauka kikang'ang'ania pale pale, pole. Macho yanavimba wiki ya pili au ya tatu. Yakishatoa majani mawili matatu toboa kifuko tundu moja, kesho kutwa jingine, mpaka wiki iishe ndo utoe. Nailoni ya kwenye kidonda iache wiki 6 hadi 8. Na lile shina jekundu lililo juu ya kikonyo usilikate siku ya kwanza, likate nusu kikonyo kikishatoa majani na limalizie baadaye, ndo linalovuta maji kupandisha juu.

Mimi nilibebesha mwaka jana ikashika vizuri sana lakini pale palipoungana pamevimba kama tezi, na ganda la juu ni la kijivu la chini la kahawia. Kwa mbali inaonekana miti miwili imegombana. Litaisha?

Utofauti wa rangi ya ganda unapungua jinsi mti unavyozeeka, nundu mara nyingi haiishi. Hili la bonsai na kubebesha huwa halisemwi, kwenye bustani hakuna anayeangalia shina ila kwenye kibakuli shina ndo kila kitu. Kwa hiyo unapanga mahali pa kuficha kabla hujakata. Sehemu nzuri ni mbili. Ama chini kabisa usawa wa mizizi, nundu inageuka sehemu ya kitako cha mti na siku ya kubadilisha udongo unaifukia kidogo, lakini hapo shina lote linakuwa la aina dhaifu na litachukua muda kunenepa. Ama juu, kwenye matawi tu, shina lote linabaki jekundu lenye nguvu na kila tawi unalibebesha karibu na shina, nundu inafichwa na majani. Mi nafuata hii ya pili karibu kila mara.

Kwa huo wako ulioshaungana katikati, geuza mti nundu iangalie nyuma. Au ule ukataji wa ngazi nilioueleza juu, ukiwa bado una nafasi, acha chipukizi la chini ya nundu liwe shina jipya na uanze kubebesha upya juu ya matawi. Inauma najua.

Naweza kuweka rangi tatu kwenye mti mmoja?

Unaweza, na zote zitabaki na rangi zake, shina haliwezi kubadilisha rangi ya ua la kikonyo. Shida ni nguvu. Aina yenye mbio itazinyonya zingine na baada ya mwaka una mti wa rangi moja na vijiti viwili vikavu. Weka iliyo dhaifu juu kabisa kwa sababu mti unapeleka nguvu juu, iliyo na mbio weka chini na uipogoe mara mbili zaidi ya wenzake. Na kila wiki pitia shina, chipukizi lolote la shina mama linalotoka chini ya vikonyo libomoe kwa kidole likiwa bado laini. Nimeletewa miti mingi watu wanalalamika "ua langu la njano limegeuka jekundu", hakuna kilichogeuka, shina mama lilichipua likapanda na la njano likafa kimya kimya.

Kwa macho yangu lakini, rangi tatu kwenye mti wa sentimita 30 inakuwa kama bendera. Mbili zinatosha.

Nimesoma haibiskasi ni ukoo mmoja na bamia, pamba na mbuyu. Je naweza kubebesha haibiskasi juu ya mbuyu mdogo nipate lile shina nene?

Hahaha, wazo limenifurahisha asubuhi nzima. Ukoo ni mmoja kweli ila ni binamu wa mbali mno, ni kama kumwekea mtu damu ya sokwe. Haibiskasi juu ya haibiskasi, basi.

Fundi, haibiskasi yangu ina shina zuri na matawi mazuri kulia, kushoto hakuna kitu, nimesubiri miaka miwili hapachipui. Nikate yote nianze upya?

Usikate! Hii ni kazi ndogo na ni rahisi kuliko kubebesha kikonyo kwa sababu hapa hakuna kinachokatwa kwenye chakula chake, ndo maana huwa nawaambia wageni waanzie hapa. Chagua tawi moja la kulia, liache lirefuke kama fimbo, haibiskasi inarusha fimbo ndefu upesi. Likiwa bado laini lizungushe taratibu hadi upande wa kushoto, mahali ambapo ulitamani tawi liwepo. Pale kwenye shina chonga mfereji wenye upana sawa na fimbo yako, uingie mpaka kwenye mbao. Kwenye fimbo menya ganda pande zile zitakazogusa mfereji, ilaze ndani, funga kwa nailoni kwa nguvu au hata pigilia pini ndogo mbili, paka dawa ya kuziba kidonda. Ncha iendelee mbele ikiwa na majani yake. Fimbo bado inalishwa na mama yake kulia huku inaungana kushoto, ndo maana haifi.

Utajuaje imeungana? Pima kwa macho sehemu ya fimbo kabla ya muungano na baada ya muungano. Ikianza kuwa nene baada kuliko kabla, imeshaanza kula kutoka kwenye shina jipya. Mara nyingi ni miezi mitatu, minne. Ndo unakata upande wa nyuma, nao kata nusu kwanza, wiki mbili baadaye umalizie. Njia hii hii inatumika na kwa mizizi, ukiwa na upande hauna mzizi unapanda mche mwembamba ukiegemea kitako cha shina na kuuunganisha, baadaye unakata kichwa chake unabaki mzizi.

Vitumba vinatoka vingi halafu vinadondoka kabla havijafunguka. Nimepiga dawa mara tatu.

Kabla ya dawa ya nne chukua kitumba kilichodondoka ukipasue juu ya karatasi nyeupe. Ukikuta vifunza vidogo vinarukaruka, ni vile vya kiinzi kinachotaga ndani ya kitumba, hapo dawa ya juu juu haifiki. Okota vitumba vyote kila siku, vilivyo chini na vya njano vilivyo bado mtini, vifunge kwenye mfuko uvitupe mbali, vifunza vinaingia kwenye udongo na kurudi tena vikiwa vimekomaa. Ukikuta vidude vyembamba kama nukta zinazotembea, ni thripsi, dawa inasaidia ila piga jioni.

Ukikuta hakuna kitu, tatizo ni wewe. Pole kwa kusema hivyo. Kibakuli kina udongo kidogo, siku ya joto kali kinakauka kabla ya saa nane mchana, ukimwagilia jioni mti umeshaamua kuacha mzigo na mzigo wa kwanza kuachwa ni vitumba. Kuhamisha mti toka juani kwenda ndani nako kunafanya hivyo hivyo.

Na kama hakuna vitumba kabisa, umepogoa lini? Haibiskasi inachanua kwenye kichipukizi kipya tu, kila ukikata ncha umesogeza maua mbele miezi miwili mitatu. Msimu wa kujenga umbo na msimu wa kuangalia maua havikai pamoja, chagua.

Majani ya juu yamekuwa njano mishipa imebaki kijani. Naipa mbolea ya maua yenye fosforasi nyingi kila wiki kama nilivyoshauriwa. Niongeze?

Punguza, tena acha kabisa. Haibiskasi haihitaji fosforasi nyingi kama ambavyo watu wanaamini, ikijaa kwenye udongo mdogo wa kibakuli inazuia mti kuchukua chuma na madini mengine, na hiyo njano ya majani machanga yenye mishipa ya kijani ndo sura ya kukosa chuma. Mwagilia maji mengi mara kadhaa yapite yatoke chini yaondoe chumvi, kisha tumia mbolea yenye potasiamu nyingi, nitrojeni ya kati na fosforasi ndogo, nusu ya kipimo kilichoandikwa. Chuma cha kuyeyuka unaweza kupulizia kidogo. Kama maji yako ni ya chumvichumvi yale yanayoacha weupe kwenye sufuria, kinga ya mvua, haibiskasi inapenda udongo wenye uchachu kidogo.

Majani ya chini kuwa njano moja moja ni uzee tu. Yakiwa njano yote kwa wiki moja angalia baridi, chini ya nyuzi 10 haipendi kabisa, au utitiri, geuza jani utafute vumbi linalotembea na utando mwembamba. Maji ya bomba kwa kasi chini ya majani kila siku tatu yanaondoa utitiri vizuri.

Wewe fundi uliwahi kusema tupake jivu kwenye kidonda cha kukata shina. Nimepaka, maji ya mvua yameingia, katikati ya shina pameoza pamekuwa shimo. Nimekasirika.

Una haki. Kwa tawi dogo jivu linatosha, kwa shina lililokatwa lote nilitakiwa kusema wazi kwamba halitoshi. Kidonda kikubwa kikate kwa mshazari maji yateleze, lainisha ukingo wa ganda kwa kisu chenye makali na uzibe kwa dawa ya kuziba vidonda au hata gundi nyeupe ya mbao pembeni kwenye ganda. Hilo shimo lako kwangua mbao yote laini mpaka ufike ngumu, liache likauke wiki nzima chini ya paa. Ganda kama bado liko hai kuzunguka, mti hautakufa, na shina lenye pango kwa bonsai wengine wanalitafuta kwa makusudi. Sijitetei lakini.

Kikonyo changu kina wiki saba, kina majani manne tu na tayari kimetoa kitumba kinataka kufunguka! Nimefurahi sijalala. Nikiache?

Ua moja la haibiskasi aina nyingi linakaa siku moja tu. Liache lifunguke, lipige picha, waite watu. Jioni likishajikunja likate, na vitumba viwili vitatu vitakavyofuata vitoe vikiwa bado kama punje.